Namna ya Kumchosha Diwani Wako

Diwani anayelala usingizi mnono ni hasara kwa kata nzima. Mwongozo huu ni wa mwanakijiji anayetaka diwani wake arudi nyumbani usiku akiwa hoi, viatu vimejaa vumbi, simu imezima kwa kukosa chaji, na mfukoni ana karatasi yenye hoja tatu za kupeleka halmashauri. Kazi hii haihitaji fedha wala kujuana na mkubwa yeyote. Inahitaji daftari, kalamu, na mgongo unaoweza kuvumilia benchi lisilo na egemeo tangu mchana hadi magharibi.

Tanzania Bara ina kata zaidi ya 3,900 na vijiji zaidi ya 12,000, ndani ya halmashauri 184. Kila kata ina diwani wake wa kuchaguliwa, na kila diwani ana watu wenye haki ya kumchosha. Wengi wetu hatuitumii haki hiyo. Tunamwomba tu, na kuombwa hakujawahi kumfanya diwani yeyote asome bajeti.

Kwanza, acha kumwomba sukari

Asubuhi ya diwani wa kijijini huanza kabla hajanawa uso. Mtu yuko uani: “Shikamoo mheshimiwa, tumeamka na msiba.” Akitoka huyo, anaingia kiongozi wa timu ya vijana, wanataka jezi. Kamati ya harusi imemletea kadi yenye kima cha chini cha mchango, na kima hicho ni kikubwa kuliko cha wengine kwa sababu yeye ni mheshimiwa. Kuna mgonjwa anahitaji nauli ya kwenda hospitali ya wilaya. Kuna kwaya inazindua albamu na yeye ndiye mgeni rasmi, maana yake ndiye atakayenunua CD ya kwanza kwa bei ambayo hakuna mwingine atakayeilipa.

Diwani halipwi mshahara. Analipwa posho ya mwezi na posho za vikao, na kwa miaka mingi posho hizo zilitegemea halmashauri imekusanya nini. Katika mwaka wa fedha 2021/22 Serikali Kuu ilianza kuwalipa moja kwa moja madiwani wa halmashauri zenye mapato madogo, kwa sababu wapo waliokuwa wakikaa miezi bila kulipwa. Sasa chukua posho hiyo, gawanya kwa misiba, harusi, jezi na kwaya za vijiji vinne au vitano. Haitoshi hata wiki mbili. Diwani anayetaka kuonekana mkarimu atalazimika kuitafuta tofauti mahali pengine, na mahali pengine ni pachache: kwa mzabuni anayetaka kazi ya kujenga choo cha shule, kwa mtu anayetaka ekari za kijiji, au kwa mfanyabiashara ambaye mzigo wake unapita kizuizi cha ushuru usiku. Hao nao hawatoi sadaka. Elfu kumi uliyopewa siku ya msiba ikilipiwa na mzabuni, utaikuta imekatwa kwenye mifuko ya simenti ya darasa la mwanao.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kumchosha diwani ni kumpumzisha upande huu. Kwenye msiba aje kama jirani, akae mkekani na wenzake, atoe anachotoa jirani, na jina lake lisitangazwe kwa kipaza sauti. Wazee wa kijiji wakilisema hili hadharani mara moja, diwani atashukuru moyoni kuliko mtu mwingine yeyote hapo. Nguvu alizokuwa anazimaliza uani asubuhi zitabaki kwa ajili ya kazi tunayotaka kumpa.

Halafu ujue shingo ipi ni ya nani

Ukimkaba diwani kwa jambo lisilo lake, unampa njia ya kutokea. Atasema, kwa haki kabisa, kwamba hilo haliko mikononi mwake, na mkutano mzima utatawanyika ukiamini kwamba hakuna jambo lililo mikononi mwake.

Barabara za vijijini, tangu 2017, ziko chini ya wakala wa barabara, TARURA. Maji ya vijijini, tangu sheria ya 2019, yako chini ya wakala wa maji, RUWASA, na vyombo vya watumia maji vya huko huko vijijini. Mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata ni watumishi walioajiriwa. Diwani hawaajiri wala hawezi kumfukuza mmoja wao kwa hasira za mkutanoni. Mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais, na mkuu wa wilaya vilevile. Mbunge anatunga sheria Dodoma, ingawa naye ni mjumbe wa Baraza la Madiwani.

Sasa kilichobaki kwa diwani si kidogo. Yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, kikao ambacho wenyeviti wa vijiji vyote vya kata hukaa pamoja na mtendaji wa kata akiwa katibu. Mipango ya vijiji inapita hapo. Yeye ndiye sauti ya kata kwenye Baraza la Madiwani, linalopitisha bajeti ya halmashauri, sheria ndogo na viwango vya ushuru. Anakaa kwenye kamati za kudumu za Baraza, iwe ya fedha, uongozi na mipango, au ile inayoangalia elimu, afya na maji. Na TARURA na RUWASA, japo si za halmashauri, hupeleka mipango na taarifa zao mbele ya madiwani. Kwa hiyo usimwambie diwani alime barabara. Mwambie aonyeshe ni wapi aliiombea barabara yenu kipaumbele, kikao gani, na alijibiwa nini na meneja wa TARURA wa wilaya. Hilo ni lake, na hana pa kulikwepea.

Nchi hii imewahi kuishi bila madiwani. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa kwa jina la madaraka mikoani, na maofisa wa mkoa na wilaya wakashika yote. Miji ndiyo iliyozidiwa kwanza, mitaro ikaziba na kipindupindu kikaingia, na halmashauri za miji zikarudishwa 1978. Vijijini tulisubiri sheria za 1982, na halmashauri zikaanza kazi upya 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kusema kwamba kufuta serikali za mitaa ni jambo ambalo asingelirudia kama angeanza upya. Leo Katiba, ibara ya 145 na 146, inasema wazi kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa maneno mengine, unapomchosha diwani unatekeleza Katiba. Mwambie hivyo akilalamika.

Mkutano mkuu, na kwa nini usisubiri “Mengineyo”

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mambo mengi yanapoharibikia.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kwa sheria ya 1982 ndio mamlaka ya juu ya kijiji: unachagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na unaweza pia kuwaondoa. Unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Usipoitishwa, hilo ni kosa la viongozi. Ukiitishwa nawe ukabaki shambani, hilo ni lako.

Ajenda zake karibu kila mahali zinafanana. Kufungua kikao. Kusoma muhtasari wa mkutano uliopita. Yatokanayo na muhtasari. Taarifa ya mapato na matumizi. Taarifa za miradi na ulinzi. Mengineyo. Kufunga. Mwanakijiji asiye na uzoefu hukaa na hoja yake kifuani tangu mwanzo akisubiri “Mengineyo”. Mkutano uliopangwa saa tatu huanza saa sita, taarifa hufuata taarifa, na ikifika “Mengineyo” jua limeshuka, kina mama wameondoka kwenda kuinjika sufuria, na waliobaki wanataka kufunga. Hoja yake inajibiwa kwa “tumelipokea, tutalifanyia kazi”. Inaishia hapo.

Hoja ya kumchosha diwani inaingia kwenye “Yatokanayo”, mapema, wakati watu bado wamejaa na wana nguvu. Katika kijiji kimoja cha kusini, wanakolima ufuta na korosho, nilimwona mama mmoja akifanya hivyo vizuri kuliko mwanasheria yeyote. Diwani alikuwa amealikwa, amekaa meza kuu yenye kitambaa cha kijani na chupa za maji. Mama akasimama, mtoto mgongoni, akasema: “Mwenyekiti, mkutano uliopita tuliambiwa bati za zahanati zimeshanunuliwa. Naomba kujua ziko wapi.” Mtendaji akainuka haraka: “Mama, hilo tutalijibu kwenye mengineyo.” Mama hakukaa. “Hapana baba, liko kwenye muhtasari uliousoma sasa hivi. Hilo ni yatokanayo.” Watu wakapiga makofi. Diwani, aliyekuwa akisoma simu, akaiweka mezani kifudifudi na kusimama mwenyewe. Hakuwa na jibu siku ile, na alikiri hivyo mbele ya watu wote, nikamheshimu. Bati zililetwa na Fuso kabla ya mkutano uliofuata. Hazikutimia. Zilizopungua zikaandikwa kwenye muhtasari, na mara hii mama hakuhitaji hata kusimama. Mwenyekiti alimtazama, akaanza kueleza.

Siri yote iko kwenye muhtasari. Kama jambo halikuandikwa, halikusemwa. Kabla mkutano haujafungwa, mwombe mtendaji asome kwa sauti maazimio: nani atafanya nini, lini. Wewe yaandike kwenye daftari lako neno kwa neno, pamoja na tarehe. Mkutano ujao daftari lako na muhtasari wa ofisi visipolingana, hapo una hoja ya kwanza.

Lipo jambo moja la hatari zaidi, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeliona kwa macho. Ni karatasi ya mahudhurio. Nilionyeshwa muhtasari wa kugawa ardhi ya kijiji kwa mwekezaji, umeambatanishwa na orodha ndefu ya majina, saini na alama za dole gumba za wino wa zambarau. Ilikuwa orodha nzuri, ya watu wa kweli. Ila ukingo wa juu wa karatasi ya kwanza ulikuwa umekatwa kwa mkasi, umepinda kidogo upande wa kulia, na pale juu ndipo huandikwa mkutano ulikuwa wa nini. Wanakijiji waliyatambua majina yao: waliyaandika siku ya mkutano wa chanjo ya mifugo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na ndiyo sababu mtu alihitaji saini zao kiasi cha kwenda kuzikata.

Dawa yake ni rahisi. Usisaini karatasi tupu. Andika wewe mwenyewe, kwa mkono wako, tarehe na ajenda katika kila ukurasa, si juu tu bali hata ubavuni mwa jina lako. Mtu wa mwisho kusaini apige mstari chini ya jina lake na kuandika idadi ya waliohudhuria. Kisha mtu mmoja apige picha kwa simu. Mkifanya hivyo mikutano miwili mfululizo, itakuwa desturi, na hakuna atakayethubutu kuwauliza kwa nini. Ikitokea ardhi inazungumzwa, mtakeni diwani awepo na aseme msimamo wake mbele yenu. Asipewe nafasi ya kusema baadaye kwamba hakuwa na taarifa.

Mchoshe kwa kufuata kalenda

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Watu wengi wanajua hilo kwa kulisikia redioni bajeti inaposomwa Bungeni Juni, na hapo ndipo wanapoanza kudai darasa. Wamechelewa kwa miezi kadhaa. Kijiji kinatakiwa kuibua miradi yake kwa utaratibu wa kuangalia fursa na vikwazo vyake mapema, miezi ya mwisho ya mwaka wa kalenda. Vipaumbele vinapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri, na Baraza la Madiwani linapitisha bajeti yake kati ya Januari na Machi. Baada ya hapo kinachokwenda Dodoma ni kitabu kilichofungwa. Kulia Aprili ni sawa na kukimbilia kituoni wakati basi liko njia panda ya pili.

Kwa hiyo msimu wa kumchosha diwani ni Oktoba hadi Februari. Oktoba muulize kama kijiji chenu kimeshaitisha mkutano wa kuibua miradi. Desemba muulize Kamati ya Maendeleo ya Kata imeweka kipaumbele chenu nafasi ya ngapi, na nani alikishusha. Februari muulize kiasi kilichoandikwa kwenye rasimu, kwa tarakimu. Asikubaliwe kujibu “kimo”. Miradi mingi ya vijiji imo kwenye vitabu vya bajeti miaka na miaka kwa jina tu, na nafasi ya fedha ina sifuri.

Muulize pia mapato ya ndani. Halmashauri nyingi za vijijini zinaishi kwa ushuru wa mazao, na mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 ili mkulima apumue. Kinachokusanywa kimekuwa chembamba zaidi, na sehemu yake lazima iende kwenye maendeleo kwa maelekezo ya TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Diwani anapaswa kujua ni asilimia ngapi kwenu na imejenga nini mwaka jana. Asipojua, mpe wiki mbili.

Hapo hapo ipo asilimia kumi. Tangu 2018 ni sheria: katika mapato ya ndani, asilimia 4 ni mikopo kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023 baada ya kelele za vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, kisha ikarejeshwa 2024. Kikundi chenu kikiomba kikakaa bila jibu, msimfuate diwani mmoja mmoja kwa kunong'ona. Nendeni wote, mkiwa na nakala ya barua iliyopokelewa na afisa maendeleo ya jamii wa kata, yenye muhuri na tarehe. Mwombeni alete mkutanoni orodha ya vikundi vya kata vilivyopata. Mkiona kikundi msichokijua, chenye anwani ya kitongoji chenu, mtakuwa mmegundua kwa nini chenu hakikujibiwa.

Msome kabla hajasoma

Kila robo mwaka, Baraza la Madiwani linapokaa, diwani huwasilisha taarifa ya kata yake. Ni kurasa chache: elimu, afya, kilimo, ulinzi, changamoto. Wachache sana kijijini wanajua kwamba taarifa hiyo ipo, na wachache zaidi wanajua kwamba mara nyingi imeandikwa na mtendaji wa kata, diwani anaisoma tu. Ndiyo maana halmashauri inaweza kupokea taarifa kwamba “hali ya upatikanaji wa dawa ni nzuri” siku ambayo wewe umetumwa duka la dawa na cheti mkononi.

Mwombe akusomee taarifa hiyo kabla haijaenda. Si siri ya nchi. Wenyeviti wa vijiji wana haki ya kuijadili kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani wa viti maalum anayeishi katani kwenu naye ni mjumbe wa kamati hiyo, kwa hiyo mmepata watu wawili wa kuwachosha badala ya mmoja. Idadi ya wanawake wa viti maalum haipungui theluthi ya idadi ya madiwani wa kata, na mara nyingi hawatembelewi na mtu yeyote kwa hoja, wanakumbukwa kwa michango tu. Wapelekeeni hoja za kliniki, za maji, za mimba za wanafunzi. Watazibeba, maana wengi wao wanayajua hayo kuliko waliowazunguka.

Fanyeni hivyo mapema. Madiwani wa chama kimoja hukutana peke yao kabla ya Baraza na kukubaliana msimamo, na hoja ambayo diwani hakuiingiza huko ni vigumu kuiibua ukumbini akiwa peke yake.

Na siku ya Baraza, nendeni. Vikao vya Baraza la Madiwani ni vya wazi. Si lazima kijiji kizima. Watu wawili watatu wenye daftari wanatosha, wakae nyuma kwenye viti vya wageni, wasiseme neno. Diwani akisimama kusoma taarifa ya kata, aone nyuso anazozijua. Nakuhakikishia ataacha karatasi na kuanza kusema mambo ambayo hayakuandikwa.

Anayejibiwa kwamba taarifa fulani haitolewi kwa wananchi, aandike barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Barua iende kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani, na nakala hiyo apelekewe mkononi, nyumbani, saa ya chakula cha jioni.

Kwenye boma, mguse

Hakuna mahali diwani anapofahamika vizuri kama kwenye boma. Wananchi wamefyatua na kuchoma tofali, wamebeba maji na mchanga kichwani, wamepandisha kuta hadi kwenye lenta. Hapo nguvu zao zinakomea na wanasubiri serikali ipaue. Kuta zinanyeshewa msimu wa kwanza, wa pili, mbuzi wanaingia na kutoka, nyasi zinaota kwenye sakafu ya chumba kilichokusudiwa kuwa wodi ya wazazi.

Fedha za kumalizia zikija, huja kwenye akaunti ya shule au zahanati, na kazi hufanywa na mafundi wa kawaida chini ya kamati za wananchi: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Watu hugombea ya manunuzi kwa sababu inakwenda mjini. Wewe omba ya mapokezi. Ndiyo inayosimama pale gari linaposhusha na kuhesabu mifuko, bati na nondo moja moja kabla ya kusaini. Jua geji ya bati iliyoandikwa kwenye makisio, maana ya 30 na ya 28 kwa macho ya mbali zinafanana, lakini ya 30 ni nyembamba na ndiyo inayoondoka na upepo wa Novemba. Shika ukingo wake kwa vidole viwili, na ukiwa na shaka dai kipimo. Usisaini kwa sababu dereva ana haraka.

Mwite diwani siku hiyo hiyo ya kushusha, asubiri mpaka hesabu iishe, asimame juani na wengine. Akiwa na hisa yoyote kwa mzabuni, kanuni zinamtaka atamke masilahi yake. Ikiwa hana, uwepo wake ni ulinzi wenu, kwa sababu hakuna dereva atakayerudi na mifuko kumi chini ya turubai mbele ya diwani anayehesabu.

Akichoka vizuri, mlindeni

Diwani anayefanya kazi hupata maadui upesi. Akihoji matumizi kwenye kamati ya fedha anaitwa mkorofi. Akikataa kusaini kitu anakumbushwa kwamba uteuzi wa chama unakuja. Hoja za Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali zikisomwa na yeye akauliza swali la pili, wenzake wanaangalia saa. Mtu huyo akirudi kijijini akakuta bado anadaiwa jezi na kadi za harusi, na hakuna hata mmoja aliyesikia alichosema Barazani, ataacha. Nimewaona wazuri walioacha hivyo, kimya kimya, wakarudi kwenye maduka yao.

Kwa hiyo mpeni nafasi kwenye kila mkutano mkuu aeleze alichokipigania na kilichoshindikana, na majina ya waliokikataa. Azimio la kumuunga mkono liandikwe kwenye muhtasari, lipelekwe halmashauri na kwa chama chake. Aliyekuwa mgombea pekee naye apewe nafasi hiyo hiyo. Hakuwahi kulazimika kutoa ahadi jukwaani, basi azitoe sasa, mtendaji aziandike.

Na kama mmefanya haya yote kwa miaka yake mitano naye bado analala vizuri, chukua fomu. Unatakiwa uwe umetimiza miaka 21, uwe mkazi wa eneo la halmashauri, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na upendekezwe na chama cha siasa, kwa sababu mgombea binafsi haruhusiwi. Kijana anayejua muhtasari wa kila mkutano wa miaka mitano kwa tarehe, mama aliyehesabu bati, mzee aliyeweka nakala za barua kwenye mfuko wa nailoni, kila mmoja wao anaijua kata kuliko wengi wanaoshuka kwenye gari wiki mbili kabla ya kura za maoni. Uchaguzi wa viongozi wa vijiji unaofuata, kwa mzunguko wa miaka mitano, ni 2029, na wa madiwani ni 2030. Ukichaguliwa, waambie watu wako siku ya kwanza ni saa ngapi wanaweza kukukuta ofisi ya kata, na uwape namba ya simu ambayo hutaizima.